Kwenye steshenari, "Kompyuta Yangu" ni ya nani?

Programu inayofunguliwa mara nyingi kuliko zote katika steshenari za Mwanza, iwe mjini kati, Nyegezi, Igoma au Buhongwa, ni ile ambayo karibu hakuna anayeitaja kwa jina. Watu hutaja Word, hutaja PDF, hutaja intaneti. Lakini kabla barua haijachapwa, na kabla cheti kilichoskaniwa hakijatumwa, lazima mtu afungue lile dirisha lenye folda, alitafute faili, alinakili kutoka kwenye flashi, alipe jina, kisha alifute au alisahau humo. Wenye umri wa kutosha bado huliita dirisha hilo "My Computer", yaani Kompyuta Yangu, jina ambalo Microsoft ililileta na Windows 95. Kampuni yenyewe ililiacha zamani: katika Vista likabaki "Computer", na tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013 likawa "This PC". Jina limebadilika mara mbili, dhana imebaki palepale. Kompyuta ina mtu mmoja, mwenye meza moja, anayejua alichokiweka na mahali alipokiweka. Nasema dhana hiyo ndiyo mzizi wa usumbufu mwingi ambao tumezoea kuwatwisha wateja "wasiojua kompyuta", na kwamba anayetaka kuiboresha programu ya mafaili aanzie kwenye mashine inayopitiwa na watu kutwa nzima bila kufahamiana.

Ile meza tunayoiona kwenye skrini ina historia yake. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani iliingiza sokoni kompyuta iliyoitwa Star, iliyokuwa na picha za folda, karatasi na kapu la barua badala ya amri za kuandika. Mashine moja iligharimu zaidi ya dola 16,000, na ilikusudiwa ofisi ambamo kila mfanyakazi ana meza yake na kabati lake. Apple ikaifuata picha hiyo katika Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, Microsoft nayo ikaja, na leo hata programu huria za mafaili kama Nautilus, Dolphin na Nemo zimesimama juu ya msingi uleule. Ni msingi mzuri kwa mwenye meza. Ofisi ya umma ya Tanzania, hata hivyo, haijawahi kufanya kazi hivyo. Jalada si mali ya meza ya mtu, ni la masijala. Barua ikiingia huandikwa kwenye daftari la kupokelea, hupewa namba ya folio ndani ya jalada, na jalada likitoka kwenda kwa ofisa huandikwa limekwenda kwa nani na siku gani. Ofisa akitaka limrudie baada ya wiki mbili, huandika "BU" na tarehe. Siku hiyo ikifika mtunza kumbukumbu humpelekea bila kukumbushwa. Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza, tukaufanya wetu, tukautungia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, na mpaka leo Chuo cha Utumishi wa Umma kinaufundisha kwenye kampasi yake ya Tabora.

Najua masijala haina sifa njema mitaani. Kwa wengi ni mahali pa kuambiwa jalada halionekani, njoo kesho. Lakini hata lalamiko hilo lina la kutufundisha, maana anayelalamika anajua kuna daftari, na kwamba likifunguliwa litaonyesha jalada lilitoka lini na nani alilichukua. Kosa ni la mtu, utaratibu una pa kulishikia. Kwenye kompyuta ya steshenari faili likipotea hakuna pa kuulizia.

Itazame skrini ya kompyuta hiyo saa kumi jioni. Picha ya mandhari haionekani tena, imefunikwa na mafaili: CV, CV MPYA, CV MPYA KABISA, BARUA YA MAOMBI YA KAZI, BARUA YA MAOMBI YA KAZI (1), SCAN0014, New folder (7), na lile DOC-20250311-WA0004, aina ya jina ambalo WhatsApp huweza kuupa waraka unaopita kwake. Kila jina hapo lilikuwa na maana kwa mtu mmoja kwa dakika kumi. Sasa anakuja mteja mwingine na flashi yake, na ndani yake mna BARUA YA MAOMBI YA KAZI, kwa sababu barua ya maombi ya kazi mtu angeiitaje? Mhudumu anainakili. Kidirisha kinatokea kwa Kiingereza kikisema faili lenye jina hilo lipo tayari. Je, lifunikwe, lirukwe, au yalinganishwe? Foleni ina watu wanne. Mhudumu anabofya la kwanza, na barua ya mteja wa asubuhi, aliyeahidi kurudi jioni akishapata majina ya wadhamini, ndiyo imekwisha. Haikwenda hata kwenye pipa la taka, kwa kuwa Windows hupeleka huko kilichofutwa, kilichofunikwa hakipiti. Aliyefuta kitu ndani ya flashi naye asihangaike kulifungua pipa hilo, kwa kawaida vya flashi huondoka moja kwa moja. Katika masijala barua mia zinaweza kuwa na kichwa kimoja cha habari na zote zikalala salama, kwa sababu barua hutambulishwa kwa folio yake, ilikotoka na siku iliyopokelewa. Kichwa cha habari ni kichwa tu. Programu ya mafaili imekifanya kuwa kitambulisho pekee ndani ya folda, ikamwachia mwenye haraka kazi ya kubuni jina ambalo hakuna mwingine aliyelibuni.

Tukija kwenye kutafuta, tatizo linazidi meza, linaingia kwenye lugha yenyewe. Kiingereza hubadili neno mkiani: certificate, certificates. Anayeandika mwanzo wa neno hupata umoja na wingi kwa mpigo, na programu iliyotengenezwa na watu wa lugha hiyo ikilinganisha herufi za mwanzo huwa imemaliza kazi. Kiswahili hubadili neno kichwani. Cheti huwa vyeti, mkataba huwa mikataba, ombi huwa maombi, mvuvi huwa wavuvi, na kwa watu wa ziwani, mwalo, yaani pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, huwa mialo. Chukua kompyuta ya ofisi yoyote inayoshughulika na uvuvi kando ya Ziwa Victoria, yenye mafaili ya leseni, ya vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), ya takwimu za sangara, sato na dagaa. Mtu anaandika "mwalo" kwenye kisanduku cha kutafutia. Faili liitwalo "Orodha ya mialo" limo humo humo, lakini skrini inamjibu kwamba hakuna kitu. Anaamini. Anaanza kuandika orodha upya, na kesho kuna orodha mbili zisizofanana.

Wajanja wana mbinu zao. Huandika "vuvi" peke yake, na programu inayokubali kutafuta katikati ya neno huwaletea mvuvi, wavuvi na uvuvi pamoja. Mbinu hiyo haifiki mbali. Cheti na vyeti vinachangia "eti" tu, na anayeandika "eti" ataletewa bajeti, tiketi na magazeti. Waandishi wa kamusi walikutana na tatizo hili kabla ya kompyuta kuenea kwetu, wakalitatua: tangu toleo la kwanza la mwaka 1981, Kamusi ya Kiswahili Sanifu huorodhesha nomino kwa umoja na kumwonyesha msomaji kiambishi cha wingi papo hapo. Programu ya mafaili inaweza kufanya vivyo hivyo kimyakimya. Ki- na vi-, ch- na vy-, m- na mi-, m- na wa-, ji- na ma-: kanuni hizo zinaenea kwenye ukurasa mmoja, na vigeugeu kama jino na meno vinaweza kuwekewa orodha fupi. Mtu akitafuta "cheti", mashine itafute na "vyeti" bila kumsumbua. Ikikosea haileti hasara. Ikidhani wingi wa mbuzi ni "wabuzi", itatafuta neno ambalo hakuna aliyeliandika, isipate kitu, iendelee. Ni nadra kupata boresho ambalo makosa yake hayamgharimu mtu chochote, na sielewi kwa nini mpaka leo si jambo la kawaida kwenye kompyuta zetu.

Kupanga nako kuna kasoro ya ukoo huo huo. Ripoti za kila mwezi za mwalo mmoja zikipangwa kwa alfabeti, Agosti inakuwa ya kwanza, Aprili ya pili, Januari inakaa kati ya Februari na Julai, na Septemba inafunga mwaka. Dawa iliyozoeleka ni kuanza kila jina kwa 01, 02, 03. Inafanya kazi, sawa, ila hapo binadamu ndiye anayeitumikia mashine. Mashine inayojua kwamba 10 huja baada ya 2, jambo ambalo Windows imelijua tangu XP, haiwezi kushindwa kujua kwamba Machi huja baada ya Februari.

Halafu kuna tarehe. Kompyuta ikiachwa kwenye mpangilio wa Marekani, barua iliyoandikwa tarehe 5 Machi huonekana 3/5/2025, na Mtanzania yeyote ataisoma tarehe 3 Mei. Mwezi ukiandikwa kwa herufi ubishi unakwisha. Saa nazo ni hivyo hivyo: mteja anasema aliandikiwa barua saa nane na nusu mchana, skrini inasema 14:30, na mhudumu anapiga hesabu kichwani huku anahesabu chenji. Na kuna namba za kumbukumbu, ambazo kwa ofisi za serikali ndizo jina halisi la barua. Karibu zote zina mkwaju, kwa mfano HA.21/147/02, na mkwaju ni moja ya alama ambazo Windows inakataa katika jina la faili. Kwa hiyo ofisa mmoja anaweka kistari, wa pili anaacha nafasi, wa tatu anaunganisha tarakimu zote, na barua moja inakuwa na majina matatu ambayo hakuna kisanduku cha kutafutia kitakachoyakutanisha. Si kwamba haiwezekani. Kompyuta za Apple humruhusu mtumiaji kuandika mkwaju kwenye jina, na chinichini mashine huuhifadhi kwa alama nyingine. Suala ni nani alifikiriwa wakati programu inaundwa.

Flashi inahitaji maneno yake, kwa kuwa huku kwetu flashi ndiyo tarishi. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzima na kuacha nusu ya faili likiwa na jina kamili. Ukiliona kwenye orodha huwezi kujua kuwa ni bovu mpaka ulifungue, na mara nyingi hulifungui mpaka ufike ofisini kwa mtu, ukiwa umevaa suti. Vivinjari vya intaneti vilishalimaliza jambo hili: Chrome inapopakua hulipa faili jina la muda linaloishia na .crdownload, Firefox huishilizia .part, na jina halisi huja pale kazi inapokamilika. Hakuna sababu ya kunakili kwenye flashi kusiende kwa utaratibu huo. Kwenye Linux kuna udhia wa ziada, kwamba mstari wa maendeleo unaweza kujaa ilhali sehemu ya data bado iko kwenye kumbukumbu ya mashine, na anayechomoa kwa kuuamini huondoka na flashi pungufu. Microsoft ililiona hili upande wake, na mwaka 2018, katika toleo la 1809 la Windows 10, ikabadili mpangilio wa kawaida ili flashi iweze kuchomolewa kwa haraka bila madhara.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi linalosikika zaidi: tatizo si programu, ni elimu, wafundisheni watu kuyapa mafaili majina mazuri, kutoa flashi kwa utaratibu, kusoma onyo kabla ya kubofya. Elimu ni kitu chema na sina ugomvi nayo. Lakini ushahidi hauko upande wake. Tangu Windows 95, Microsoft ilificha herufi za mwisho zinazotaja aina ya faili, ili orodha ipendeze macho. Mwezi Mei mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kikaenea duniani kwa siku chache kikiwa ndani ya faili lililoonekana kama maandishi ya kawaida yenye .TXT, mkia wake halisi, .vbs, ulikuwa umefichwa. Mamilioni waliofungua hawakuwa wajinga, walisoma kile skrini ilichowaonyesha. Kwa miaka kadhaa baadaye virusi vilipanda flashi kwa kutumia AutoRun, ile tabia ya Windows kuendesha chenyewe kilichomo mara tu flashi inapochomekwa. Maonyo na mafunzo yalitolewa kila kona. Maambukizi ya njia hiyo yalishuka pale Microsoft ilipoizima tabia yenyewe, kwanza katika Windows 7, kisha mwaka 2011 kwa sasisho la XP na Vista. Kosa likirudiwa na watu wengi namna moja, mahali pa kulirekebisha ni kwenye chombo. Na mhudumu wa steshenari, kama haki itatendeka, ni mmoja wa watu waliofuzu kompyuta kwa mazoezi kuliko wengi wanaomfundisha.

Basi programu ya mafaili yenye akili ya masijala ingekuwaje? Jambo la msingi ni kuwepo kwa kitu kinachoitwa mteja. Mtu akifika, mhudumu anabofya mara moja, na folda inafunguliwa ikiwa na jina lake la kwanza na saa aliyofika. Kuanzia hapo kila kinachoskaniwa, kinachotoka kwenye flashi yake au kinachopakuliwa kutoka WhatsApp yake kinaingia humo chenyewe, na kinapewa namba kama folio: 1, 2, 3, kwa kufuata kilivyoingia. Barua ya maombi ya kazi ya mtu huyu haiwezi kuifunika ya mwingine kwa kuwa hazikai chumba kimoja. Akisema atarudi jioni, folda inawekewa BU ya jioni. Akiondoka moja kwa moja, jioni mashine inamwonyesha mhudumu folda za siku nzima na kuuliza zipi zibaki. Zilizobaki nazo zina tarehe ya mwisho. Hakuna hapo teknolojia mpya hata moja. Mfumo wa kawaida wa kompyuta unajua tayari faili liliundwa lini na lilibadilishwa lini; kinachokosekana ni kuliandika lilikotoka na lini liondoke.

Hilo la kuondoka ni zito kuliko yote. Mwanafunzi anayeomba mkopo Bodi ya Mikopo, au kijana anayejaza maombi kwenye Ajira Portal, huacha kwenye kompyuta ya steshenari cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA, picha, saini na namba ya simu. Hakuna aliyekusudia vibaya; hakuna aliyekusudia chochote, na ndiyo maana vipo mpaka leo, vikitazamwa na yeyote anayesubiri zamu yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na moja ya misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zisihifadhiwe zaidi ya muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Ni msingi mzuri. Lakini kumwambia mwenye steshenari autimize kwa mkono, faili moja baada ya jingine, kwenye skrini yenye mafaili mia tatu yasiyo na mwenyewe, ni kumwambia akajaze pakacha maji ya ziwa. Kuna atakayesema kwamba folda zenye majina na saa ni daftari la kuwafuatilia wateja. Anayeuliza hivyo ana haki ya kujibiwa. Daftari hilo lishike jina la kwanza na saa tu, lifutike pamoja na folda, na lisitoke nje ya mashine. Hali ya sasa, ambapo hakuna daftari lolote na kila kitu kiko wazi, haimlindi mtu.

Wapo wanaoona mjadala mzima umepitwa na wakati: simu zimeshinda, mafaili yako mtandaoni, nani ana haja na dirisha la folda? Simu zimeshinda kweli, lakini waraka wa kwenye simu ukitakiwa kwa karatasi, au ukitakiwa uwe PDF moja yenye kurasa zote, safari yake inaishia kwenye kaunta ileile, ukiwa na jina la DOC na tarakimu kumi na mbili. Na hifadhi ya mtandaoni kwenye kompyuta ya wote humtaka mteja aingie kwa nywila yake, jambo la hatari zaidi kuliko flashi, maana akisahau kutoka ameacha nyumba nzima wazi badala ya bahasha moja.

Pingamizi la mwisho lina uzito zaidi. Programu hizi si zetu, linasema. Zinatengenezwa mbali, sisi tutabadili nini? Historia inatoa jibu la nusu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowakutanisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo, na Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili kwa Windows. Kazi hizo zilithibitisha kwamba mikono ya hapa inaweza. Ila jitihada iliishia kwenye maneno: iwe faili au jalada, iwe folda au kabrasha. Mabishano hayo yalikuwa na faida yake, lakini kidirisha cha kufunika faili kikitafsiriwa kwa Kiswahili fasaha bado kinafunika faili la mtu mwingine. Safari ya pili ianzie kwenye kazi, maneno yaifuate. Nautilus, Dolphin na Nemo ni programu huria; yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzibadili, na Nemo yenyewe ilizaliwa mwaka 2012 pale watu wa Linux Mint walipochoshwa na vitu vilivyoondolewa kwenye Nautilus, wakaichukua na kuiendeleza watakavyo.

Nautilus hiyohiyo inampa kila mbunifu sababu ya kwenda polepole. Mwaka 2004, katika GNOME 2.6, waundaji wake waliamua kila folda ifunguke kwenye dirisha lake, kwa nadharia nzuri kabisa kwamba binadamu hukumbuka kitu kwa mahali kilipo. Watumiaji wakajikuta na madirisha ishirini, wakanung'unika miaka sita, na mwaka 2010 toleo la 2.30 likarudisha utaratibu wa zamani. Mpango wa masijala nilioueleza unaweza kushindwa kwa namna hiyohiyo. Labda mhudumu hatakuwa na nafasi hata ya ule mbofyo mmoja wakati foleni imefika nje. Hilo halijibiwi gazetini. Kampasi ya Mwanza ya Chuo cha Elimu ya Biashara ina wanafunzi wanaohitaji kazi za mradi kila mwaka; wawili kati yao wakikaa nyuma ya kaunta wiki moja katika msimu wa maombi ya mikopo, wakihesabu mara ngapi faili limetafutwa likakosekana na lilikutwa wapi, watarudi na ushahidi ambao wala Microsoft wala Dar es Salaam hawana.

Wakitaka pa kuanzia padogo, waanze na kile kidirisha cha kufunika. Wasibadili kitu kingine chochote ndani ya Nemo. Kitufe cha kufunika kisiwe cha kwanza, kilichofunikwa kiende kwenye pipa la taka, na juu yake yaandikwe maneno ambayo mhudumu mwenye foleni ya watu wanne anaweza kuyasoma kwa mara moja: "Barua yenye jina hili ililetwa leo saa nne na dakika kumi asubuhi, kutoka kwenye flashi nyingine. Ni ya mteja huyuhuyu?"